Mama Mlango na Migongo Yetu

Mama Mlango alikuwa hatembei, alikuwa anatokea. Unasimama peke yako kwenye ile njia ya mawe juu ya magereji ya Gatsata, unaangalia kushoto, hakuna mtu, unaangalia kulia, hakuna mtu, halafu unasikia pumzi karibu na sikio na sauti inakuamkia kwa Kinyarwanda, "Mwaramutse." Mimi niliwahi kuruka kwa mshtuko nikatua ng'ambo ya mtaro ambao hata lori lingefikiria mara mbili kuuvuka. Natia chumvi, lakini kidogo tu. Waulize majirani.

Kwao ni wapi, alizaliwa na nani, aliwahi kuolewa au la, sijui, na hapa sitajifanya najua. Kigali ni mji ambao mtu hujifunza mapema yapi ya kuuliza na yapi ya kuacha. Tulichojua ni kazi yake. Kwa miaka mingi, kabla hajastaafu na kuja kupanga nyumba jirani na yetu, alikuwa mhudumu katika ofisi moja kubwa kule Kacyiru, na kituo chake kilikuwa mlango wa chumba cha usaili. Aliita jina, akafungua mlango, akafunga mlango. Mwenye jina akimaliza kuhojiwa, alifungua tena, akamtazama akiondoka koridoni mpaka ngazi zimmeze. Basi. Ndiyo kazi aliyoifanya mpaka nywele zikawa nyeupe. Wote waliopita pale aliwaita "kandida", kwa kile Kifaransa cha watu wa zamani, na hata baada ya kustaafu alituita hivyo hivyo sisi majirani, wazee kwa watoto, kana kwamba Gatsata yote ilikuwa foleni ndefu na sisi tunasubiri kuitwa.

Sasa, mtu aliyetazama migongo ya watu namna hiyo huanza kuisoma. Ndivyo tulivyoamini. Asubuhi ukitoka nyumbani umevaa shati la pasi na bahasha ya vyeti mkononi, ukapita mbele ya geti lake, alikuwa anakuacha upite kwanza. Hakukutazama usoni hata siku moja. Ukishampa mgongo, ndipo unasikia neno lake. Yalikuwa maneno mawili tu duniani. Akisema "Haya," kazi umeipata. Akisema "Bado," ungeweza kurudi nyumbani ukabadilisha shati, maana ulikokwenda hapakuwa na kitu.

Kulikuwa na jirani mmoja muuguzi, dada mpole, ana vyeti vizuri hata ungetamani kuvipachika ukutani kama picha. Alipita. "Bado." Akarudi jioni macho mekundu. Kulikuwa na baba mmoja dereva aliyekwenda amevaa viatu visivyolingana, kimoja cheusi na kingine cha kahawia, kwa sababu aliamka gizani na umeme umekatika. Sisi tulishaanza kumcheka. "Haya," akasema Mama Mlango, na yule baba anaendesha gari la mradi mpaka leo. Baada ya hapo hakuna aliyetaka kupita getini kwake asubuhi ya usaili. Watu walishuka kwa nyuma, kupitia magereji, wakiruka madimbwi ya oili na suruali zimekunjwa hadi magotini. Ukiona mtu amevaa tai anapenya katikati ya mabodi ya magari mabovu, ulijua tu, huyu anakwenda kuhojiwa na anamkimbia Mama Mlango.

Fundi Safari, Mkongo mmoja aliyekuwa na gereji pale chini, alikuwa anawacheka.

"Weye pia unakimbia ule mama?" aliniuliza siku moja akiwa chini ya gari, miguu tu ndiyo inayoonekana.

"Sikimbii, nafupisha njia."

"Njia ya kufupisha inapita kwa oili? Mbona unasema bongo, unanidanganya asubuhi yote?" Miguu ikacheka. Halafu sauti ikatoka pole pole. "Lakini iko vizuri unapita huku. Ule mama, mimi nilimuonaka anaangaria mtu. Haangarie na macho. Anaangaria na kitu ingine."

Mimi wakati huo nilikuwa nauza spea kuukuu katika duka la Hajji, pale pale Gatsata, mchana kutwa mikono myeusi, na jioni naoga, nabadilisha nguo, nakwenda shule ya jioni kusomea utunzaji wa stoo. Nilihitimu. Sisemi kwa majivuno, ila katika darasa letu sidhani kama kuna mtu aliyeijua kadi ya stoo kama mimi. Mwalimu mwenyewe alikuwa akikwama ananitazama. Nilitaka kitu kimoja tu maishani: kazi ya mtunza stoo katika ofisi yenye vigae sakafuni, mshahara unaoingia benki bila kumwomba mtu, na mikono ambayo mama yangu angeweza kuishika bila kwenda kunawa. Mtihani wa maandishi nilikuwa naupita kila mara. Kilichoniua ni usaili.

Nilikuwa nacheka. Si kwa furaha, jamani. Hofu ikiwashika, watu wengine hutoka jasho, mimi hutoka kicheko. Mara ya kwanza waliniuliza tu jina langu, na nikacheka kama mtu aliyetekenywa. Mara nyingine mzee mmoja wa kamati aliniambia kwa upole kwamba amefiwa ndiyo maana amechelewa, na kicheko kikanitoka kwa nguvu hadi nafikiri mapazia yalipepea. Nikatolewa. Nilikataliwa katika ofisi nyingi mno. Kwa hesabu zangu za siku zile, Kacyiru nzima ilikuwa inanijua kwa sauti.

Basi lilipotoka tangazo jipya, ofisi nzuri kuliko zote, na jina langu likawa miongoni mwa waliopita mtihani wa maandishi, Hajji alinipa pole badala ya hongera. "Na hii utaicheka," akasema. "Nimeshamwambia mpwa wangu akae tayari kushika nafasi yako, lakini nimemwambia pia asijisumbue. Utarudi dukani." Alikuwa mtu mwema Hajji, ila alikuwa anasema ukweli kama mtu anayetupa jiwe. Alisema pia hiyo ndiyo ruhusa yake ya mwisho kunipa. Mwenye duka hawezi kuishi na mtu ambaye kila mwezi anakwenda kutafuta bosi mwingine. Kwa hiyo nilijua: hii ni ya mwisho. Nikiicheka hii, nitazeeka na grisi kwenye kucha.

Ndipo nilipofanya jambo ambalo Gatsata yote iliona ni wazimu. Badala ya kumkimbia Mama Mlango, nilikwenda kumbishia hodi.

Hakuitika. Nilibisha tena, nikasubiri, na nilipogeuka niondoke, alikuwa nyuma yangu, kwenye njia, ameshika mfuko wa karanga.

"Umebisha kama mtu anayedaiwa," akasema. "Wewe ni yule Kicheko."

"Ndiyo, Mama. Shikamoo."

"Ingia."

Nyumba yake ilikuwa chumba na sebule, sakafu ya sementi nyekundu iliyosuguliwa hadi unaona kivuli chako kikikutazama kutoka chini. Viti vyote vilielekea mlangoni. Hakuna hata kimoja kilichoupa mlango mgongo, na nilikuja kujua kwamba yeye mwenyewe hakuwahi kukaa kwa namna nyingine, hata akila, hata akisali. Mlango wa kuingia chumbani kwake uliachwa wazi kidogo, upana wa kiganja, siku zote, na ndani yake kulikuwa giza hata mchana. Nilijaribu kutotazama huko. Nikatazama huko.

Lakini nisimfanye kama jini, maana alikuwa pia mtu wa ajabu kwa namna nyingine. Alipenda mpira. Mwanamke huyo huyo aliyeweza kukaa saa nzima bila kupepesa macho, mechi ikianza redioni alipiga kelele mtaa mzima ukajua nani amekosa penalti. "Mpumbavu! Mguu gani huo, wa mbuzi?" Mbwa wa jirani walikuwa wanajificha. Na alikuwa anaogopa kuku. Kuku akiingia uani alipanda juu ya kiti na kuniita kwa sauti ya msichana, "Kicheko, mtoe, mtoe!" Mimi namfukuza kuku, yeye anashuka, anapanga kanga yake, na baridi inarudi chumbani kana kwamba haikutoka.

Nilikwenda kwake kila Jumapili alasiri mpaka siku ya usaili ilipokaribia. Sikuulizwa swali hata moja.

"Maswali si kazi yangu," alisema. "Mimi ni wa mlango. Toka, uingie."

Natoka, nabisha, naingia.

"Umeshika kitasa kama unaiba. Toka, uingie."

Naingia.

"Umekaa ukingoni kama mtu aliyeazima kiti. Kaa mpaka mgongo uguse. Hicho kiti ni chako mpaka watakapokwambia uondoke. Toka."

Nimetoka na kuingia kwa yule mama hadi bawaba zikanijua. Alinifundisha kuusalimia uso wa katikati kwanza, halafu wa pembeni, bila haraka. Alinifundisha kuweka mikono mahali pamoja na kuisahau. Alisema swali likija nisilikimbilie kama mtoto anayekimbilia peremende. Niliache litue, nilitazame, ndipo nifungue mdomo. "Wanaojibu haraka," alisema, "mimi nilikuwa nawaona wakitoka na majibu yao bado mdomoni." Na kwa ajili ya kicheko alinipa dawa moja: nikandamize vidole vya miguu sakafuni, kwa nguvu, ndani ya viatu. "Hofu lazima itoke mahali. Itolee chini. Hakuna kamati inayokagua viatu kwa ndani."

Haya yote ni ya kawaida, na ningeweza kuyasoma popote. Kilichokuwa si cha kawaida ni kimya.

Baada ya kunikalisha, alikuwa anakaa mbele yangu, dirisha nyuma yake, uso gizani, na ananyamaza. Mvua za masika zilikuwa zimeanza. Ukungu unapanda kutoka bonde la Nyabugogo, magari chini hayasikiki, chumba kinakuwa cha kijivu. Mimi nakandamiza vidole. Kicheko kinapanda, kinashuka. Namtazama yeye, na baada ya muda sina hakika kama namtazama yeye au kanga iliyotundikwa kitini. Siku moja nilitazama hivyo mpaka nikasikia pumzi nyuma ya shingo yangu.

"Usigeuke," sauti yake ikasema, kutoka nyuma.

Mbele yangu kwenye kiti kulikuwa na kanga tu. Naapa sikumwona akiinuka. Ningesikia hata panya kwenye sakafu ile.

"Kandida hageuki," akasema. "Aliye nyuma yako hawezi kukuajiri."

Na kuna Jumapili ile ya sauti. Nilikuwa nimeanza kucheka, safari hii bila breki, kwa sababu alininyamazia kupita kiasi. Hakunikemea. Alifumba macho, akainamisha kichwa kama mtu anayesikiliza ukutani, halafu akasema, kwa sauti ya kijana wa kiume mwenye mafua, "Naitwa... naitwa... Mungu wangu, naitwa nani?" Akavuta pumzi. Akasema, kwa sauti ya msichana mdogo kabisa, "Mama, niombee, ndiyo naingia, ndiyo naingia." Halafu mzee akikohoa: "Wanangu sita. Wanangu sita. Wanangu sita." Hakuwa anaigiza. Mwigizaji hukutazama aone kama umefurahi. Yeye macho aliyafumba, midomo haikufunguka sana, na zile sauti zilitoka moja baada ya nyingine, wanaume, wanawake, Kinyarwanda, Kiswahili, Kifaransa, wote wakinong'ona yale ambayo watu hunong'ona wakiwa peke yao koridoni wakidhani mhudumu wa mlango ni sehemu ya mlango.

Kicheko changu kilikufa. Sijui niseme vipi. Kilikufa kama taa. Nilikuwa nimekaa wima, mgongo umegusa kiti, mikono imetulia, na nilikuwa nimetulia kwa namna ambayo haikunipendeza.

Mama Mlango akafumbua macho. "Eeh," akasema. "Hivyo hivyo." Akanimiminia chai.

Nilipotoka, Fundi Safari alinitazama usoni akaacha kunitania. "Wamekupakaa nini?" aliuliza. "Uko mweupe kama unga ya muhogo."

Siku ya usaili ikafika, asubuhi, na ukungu bado umelala kwenye miteremko. Nilikuwa na suruali ya kuazima na tai ya marehemu baba. Mama yangu alinishika mikono, akaigeuza, akatazama kucha. Niliamua sitapita kwa magereji. Jinsi alivyonifundisha, nitapitaje nyuma kama mwizi? Nitapita getini kwake, nimpe mgongo, aseme neno lake, nijue moja.

Alikuwa nje. Alikuwa amesimama kando ya geti, ila safari hii alikuwa amegeukia ukuta. Uso wake ulikuwa karibu sana na matofali, kama mtu anayesoma maandishi madogo, na mkono mmoja umeinuliwa usoni. Mabega yake yalikuwa yanatikisika.

"Mama, mwaramutse," nikasema. "Ndiyo nakwenda."

Hakugeuka.

Nikapita. Nikatembea pole pole ili nimpe nafasi. Hatua, hatua, mawe yanalia chini ya viatu. Nilisubiri neno. Hata "Bado" ningeipokea. Hakuna. Nilipofika kwenye kona niligeuka, ingawa kandida hageuki, na alikuwa vile vile, ameupa mtaa mgongo, mabega yanatikisika.

Katika miaka yote ile hakuna aliyewahi kunyimwa neno. Nilishuka hadi barabarani nikapanda pikipiki, na mpaka tunafika Kacyiru nilikuwa nimeshajua maana yake. Wengine walipewa "Bado," maana yake kuna siku nyingine. Mimi nilikuwa sina hata hiyo. Alikuwa anautazama ukuta kwa sababu hapakuwa na kitu cha kutazama. Pengine alikuwa analia. Pengine alikuwa ananicheka, sisi wawili tubadilishane zamu.

Mtakaoingia kwenye usaili, nisikilizeni: mtu aliyekwisha kushindwa hana cha kuogopa. Koridoni wenzangu walikuwa wanatetemeka hadi viti vinagonga ukuta. Mimi nilikaa kama mtu anayesubiri kunyolewa. Nilipoitwa, nilibisha, nikashika kitasa, nikaingia, nikasalimia uso wa katikati, mama mmoja wa miwani, halafu bwana mwenye simu mbili, halafu kijana wa rasilimali watu. Nikakaa mpaka mgongo ukagusa. Vidole vya miguu nilivikandamiza kwa mazoea tu, hapakuwa na kicheko cha kuzuia.

"Mkubwa wako akija stoo," akauliza yule mama wa miwani, "anataka kitu sasa hivi, hana karatasi, amekasirika. Utafanya nini?"

Nikaliacha swali litue. Nikasikia saa ya ukutani. Nikasikia mmoja wao akisogeza kalamu.

Halafu nikasikia sauti ikijibu. Ilisema kwamba nitamkaribisha akae, nitamwandalia karatasi mwenyewe, na atasaini wakati anaendelea kunigombeza, kwa sababu mtu anaweza kugomba na kusaini kwa wakati mmoja. Ikaongeza kwamba bosi wangu wa sasa, Hajji, hufanya hivyo kila Jumatatu. Wote watatu wakacheka. Bwana mwenye simu mbili alicheka hadi moja ikaanguka. Mimi sikucheka. Nilikuwa nasikiliza. Ilikuwa sauti ya chini, ya taratibu, imetulia mno, na wallahi sikuitambua. Nilikuwa kama nimesimama nyuma ya kiti changu mwenyewe, namtazama mtu fulani kisogoni, na mtu huyo anajibu vizuri. Aliendelea kujibu mpaka mwisho. Alishukuru. Akainuka, na sisi tukatoka.

Kazi nikaipata. Mama yangu alipiga vigelegele hadi kuku wa mtaa mzima wakaacha kutaga wiki nzima. Hajji alinipa mkono, akautazama mkono, akasema, "Kumbe." Nilikimbia kwa Mama Mlango na kitenge kipya na kilo za sukari, nikakuta geti limefungwa kwa kufuli. Alikuwa amehama. Mpwa wake, walisema, alikuja na gari akamchukua kwenda kukaa naye Rebero. Miguu ilikuwa imeanza kumsumbua. Viti tu ndivyo vilivyoachwa uani, na mtu alikuwa amevipanga upya vikatazamana kama viti vya watu wengine. Sikupenda kuviona.

Ilichukua muda kupata anwani, na kazi mpya ni kazi mpya, kwa hiyo nilipofika Rebero nilikuwa tayari mtu wa vigae, beji shingoni, kucha nyeupe kama za bwana harusi. Mpwa wake, mama wa makamo mwenye haraka, alinipeleka barazani. "Anakuwa na siku nzuri na mbaya," akaninong'oneza. "Leo ni nzuri. Msalimie kwa nguvu."

Alikuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki, blanketi magotini, amekonda hata nisingemjua barabarani. Chini yetu mji ulikuwa umetandazwa wote, vilima na mabati yanayong'aa, lakini yeye hakuutazama. Alikuwa ameutazama mlango wa barazani niliotokea.

"Kicheko," akasema.

"Mama! Shikamoo. Nimeipata, Mama. Ile kazi. Niko stoo, niko na watu wawili chini yangu, niko na kompyuta yangu mwenyewe!" Hapa ninyi mnanijua tayari; nilimwambia stoo ni kubwa kama uwanja wa ndege.

Akasikiliza mpaka nikaisha. Akapapasa kitenge nilichomletea. Hakufurahi, na hakuhuzunika.

"Na wewe ulidhani nimekukatia tamaa," akasema.

"Nilidhani unanililia, Mama. Au unanicheka. Mabega yalikuwa yanatikisika."

"Nilikuwa nimeziba mdomo." Akainua mkono ule ule, akauweka juu ya midomo, kwa nguvu, nikaona vidole vikizama kwenye mashavu. Akautoa. "Neno lilikuwa linataka kutoka. Nilisikia tu miguu yako kwenye mawe. Sikuhitaji hata kuona. Nililizuia mpaka ukafika kwenye kona, na ukageuka, na mimi nilikuwa bado nimelishika."

Sikuuliza lilikuwa neno gani. Nilikuwa nalijua: lilikuwa "Bado."

"Kulikuwa na msichana," akasema. "Kule Kacyiru. Wa kwanza kabisa kwenye mtihani wa maandishi, nilisikia wakimsifu kabla hajafika. Ana sauti ndogo. Alikuwa koridoni anamwomba mama yake amwombee." Akainamisha kichwa, nikadhani ataitoa ile sauti tena. Hakuitoa. "Nikaita jina lake. Akasimama akaja, na mimi kinywa kikasema 'bado'. Hakukuwa na sababu. Kilisema tu. Alinisikia. Alinitazama usoni, kandida yule, ndiye pekee. Akachukua mkoba wake akarudi ngazi zile zile. Ndani wakaita. Wakaita tena. Nikafungua mlango nikawaambia hayupo. Akachukuliwa mwingine."

Upepo wa Rebero ulikuwa unatikisa kamba ya nguo. Mpwa wake alikuwa anaosha vyombo ndani, vinagongana.

"Tangu siku ile," akasema, "sijui kama ninaona au ninafanya. Kila niliyemwambia 'bado', sijui. Yule dada muuguzi, sijui. Ndiyo maana wewe niliugeukia ukuta. Nilitaka nijue mara moja, kabla sijafa: nikinyamaza, itakuwaje?"

"Na ikawa vizuri, Mama!" Nilisema kwa furaha kweli, nikashika mkono wake. Ulikuwa baridi kama bomba. "Basi umeshajua. Hukuwa unaona. Ilikuwa maneno tu."

"Au nimeona sawasawa," akasema Mama Mlango, "na wewe umekalia kiti cha mtu."

Nilicheka. Ndiyo, kilirudi, palepale barazani, na nilikandamiza vidole vya miguu lakini havikusaidia. Yeye alinisubiri nimalize, kwa subira yake ile.

"Sasa Mama, kama ni cha mtu, ni cha nani?"

Alifikiri. Macho yakarudi mlangoni.

"Sijui, mwanangu," akasema. "Mimi nilikuwa wa mlango tu."

Alifariki kabla ya mvua zilizofuata, nami nilikuwa miongoni mwa waliombeba. Kazi yangu naipenda, naifanya vizuri, na mkubwa wangu anasaini huku akigomba, kama nilivyosema atafanya. Mama yangu hunishika mikono kila Ijumaa. Ila stoo yetu ina mlango wa chuma, na siku mtu asiyejulikana akibisha hodi, kijana mgeni, msichana mwenye mkoba, yeyote, wasaidizi wangu wananishangaa. Naacha kila kitu, nakwenda kufungua mwenyewe, na kabla ya kumuuliza anataka nini namtazama sana usoni, nione kama ananitazama mimi au anakitazama kiti.

Mpaka sasa wote wamekuja kuchukua karatasi tu, na wino wa mashine.